Samaki wa Kuamkiwa

Samaki wa kwanza niliyemrudisha baharini kwa makusudi nilimuua.

Ilikuwa nje ya Newport, jimbo la Oregon, kwenye boti ya kukodi. Wenzangu wa chuo walinialika, nami, mtoto wa Tanga niliyelelewa na mjomba mvuvi, nilitaka waone kwamba mshipi naujua. Chubwi iligonga mwamba kwenye mita kama 60. Nilipovuta, akatokea samaki wa rangi ya chungwa, macho ya manjano yamemtoka kama gololi, mdomoni ametoa kitu chekundu mithili ya puto. Yelloweye. Sheria za Oregon haziruhusu kumchukua: mwaka 2002 samaki hawa walitangazwa kuwa wamevuliwa kupita kiasi, nao huchelewa kukomaa, na wengine huishi zaidi ya miaka 100.

Nikadhani lile puto ndilo kibofu chake cha hewa. Nikalitoboa kwa ncha ya ndoana, nikamtupa. Akaelea ubavu, mapezi yakipigapiga. Shakwe walifika kabla boti haijageuka.

Nahodha hakunigombeza, bora angenigombeza. Alinieleza kwamba nilichotoboa ni tumbo. Kibofu kiko ndani, na samaki wa aina hii hana mrija wa kukitolea hewa. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukimvuta kutoka mita 60, hewa iliyomo kibofuni hutaka kujitanua mara saba. Inalisukuma tumbo litokee mdomoni, inasukuma na macho. Hata akitaka kuzama, hawezi.

Dawa yake ni kumrudisha chini. Wengine hutumia kibano chenye uzito kinachomshika taya na kufunguka chenyewe kwenye kina kilichopangwa. Nahodha wetu alikuwa na kreti ya maziwa tu, imepinduliwa, vyuma vimefungwa pembeni, kamba juu. Unamweka samaki chini yake, inazama naye, na maji yakishaibana ile hewa anatoka mwenyewe. Watafiti waliowafuatilia yelloweye huko Alaska waliona karibu wote waliorudishwa chini wakiishi. Wa kutupwa juu, takriban mmoja kati ya watano.

Mchana tukapata mwingine. Kamba nilishika mimi. Nilipovuta kreti, tupu. Sijawahi kufurahia chombo kitupu namna ile.

Jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepata nini huko?"

Nikamweleza. Akanyamaza. Mtu huyu amerudi pwani na ndoo tupu mara ngapi, akijua nyumbani tuko saba? Kumwambia nimetumia kamba na vyuma kumsindikiza samaki mkubwa, mzima, mpaka chini, ni kama kumtania. Na sina la kujitetea: mimi nilikuwa na kuku kwenye friji.

"Ana miaka mingapi, ulisema?"

"Nahodha anasema huenda amekuzidi."

"Mimi?"

"Huenda."

"Ukampa shikamoo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza habari za yule wa kwanza, nikamwambia ukweli: nilimtoboa tumbo, shakwe wakamla.

"Huyo," akasema, "ungemleta jikoni."