Bunduki ya Mbao

Kikundi chetu cha maigizo kilipoamua kucheza mchezo kuhusu Vita vya Kagera, wenzangu walipewa maneno ya kusema, mimi nikapewa msasa. Kazi yangu ilikuwa silaha.

Nilichagua SAR, ile yenye kitako cha mbao na risasi kumi. Ya kweli ina urefu wa sentimita 102 hivi na uzito unaokaribia kilo nne. Yangu niliichonga kwa mbao ya paini, mtutu ukawa bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme. Ilipokamilika ikang'aa mno, kama zile za watoto za sikukuu ya Idi.

"We ichafue tu, bwana!" wenzangu wakasema. "Paka tope, paka kutu, itazeeka yenyewe."

Nikaifunga ndani ya gunia, maana kitu cha namna ile huwezi kupanda nacho daladala kikiwa wazi, nikaenda kwa Baba Mkubwa. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, yeye alikuwa mgambo, akaenda. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alikuwa hai, akarudi. Basi. Mengine hasemi. Ukimwuliza habari za vita, atakuuliza kama umekula.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Akaishika. Hakucheka. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe chini ya mbao, ukatulia mahali pake, kama mtu anayepapasa swichi ya chumba chake gizani.

"Kutu ya nini?" akasema. "Silaha yenye kutu, ungekiona cha moto. Sisi tulikuwa tunazipaka mafuta kila siku. Bunduki haizeeki kwa uchafu. Inazeeka kwa kushikwa."

Akanionyesha: hapa kiganja, hapa kitako kinapogusa ardhi, hapa mkanda unaposugua, na kingo za chuma zinapopita kwenye nguo. Halafu akaigeuza, akagusa kitako upande wa kulia.

"Yangu ilikuwa ya mwenzangu. Askari wa kazi, mtu wa mkono wa kushoto. Hapa alikuwa akilaza shavu, palikuwa laini kama sabuni. Alipoanguka, wakanipa mimi. Mimi natumia kulia, shavu langu likakaa upande wa pili. Lakini usiku nilikuwa napapasa pale pake."

Kimya. Kisha akaniuliza, "Umekula?"

Nikarudi kazini. Sehemu za chuma nilizipaka rangi ya fedha kwanza, kisha nyeusi juu yake. Ilipokauka nikasugua kwa msasa laini penye kingo tu, hadi fedha ikachungulia. Mbao niliinywesha chai nzito, nikaigonga kidogo kwa funguo, nikaisugua kwa kiwi ya kahawia. Mahali pa kiganja nilisugua kwa kitambaa mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho nikafanya ule upande wa kulia, pale pa shavu.

"Nani atapaona hapo?" mwongozaji akauliza. Kwa kweli hakuna atakayepaona. Lakini kijana anayeibeba jukwaani nimemweleza ni pa nani, na tangu siku ile hajaitupa tena chini akimaliza mazoezi.

Wewe unayeandika hadithi, ukitaka mzee kwenye ukurasa wako, usimpake mvi na kumpa bakora ukadhani umemaliza. Tope lile lile! Uliza kwanza mkono wake ulikuwa unashika wapi.

Onyesho letu ni mwezi ujao. Baba Mkubwa nimemwekea kiti cha mbele. Hajasema atakuja, hajasema haji. Ila juzi alimtuma mtoto kwangu na kichupa cha mafuta ya cherehani, na maneno mawili tu: "Aipake vizuri."