Hodi Niliyoisikia

Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya besi, siku niliyomwacha jirani yangu nje ya mlango. Naanza hapo usije ukadhani nitakusimulia habari za mlevi aliyeokoka. Chang'aa sikunywa. Nilikuwa nimebatizwa, nimeokoka, na jina langu lilikuwa kwenye daftari la kanisa. Upofu wangu ulikuwa wa mtu anayeamini kwamba tayari anaona.

Tuliishi Kibera, upande wa Gatwekera, katika ploti ya vyumba vya udongo na mabati, kila chumba futi kumi kwa kumi. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukikohoa usiku, asubuhi atakuuliza kama umepata dawa. Jirani huyo alikuwa mama mshonaji, mjane mwenye watoto wawili. Ploti nzima tulimwita Fundi. Mke wangu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa kifungua mimba wetu, mimi nikiwa mjengoni nje ya mji, Fundi ndiye aliyemshika mkono usiku wa manane hadi hospitali ya Mbagathi. Shuka la kwanza alilofunikwa mwanangu alilishona yeye, kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Alikuwa wa kabila jingine. Sitalitaja lake wala langu, maana mambo yangeweza kuwa kinyume na dhambi ikawa ileile.

Tarehe 30 Desemba 2007 ilikuwa Jumapili. Asubuhi niliimba kanisani. Jioni matokeo ya uchaguzi wa rais yakatangazwa, na kabla usiku haujaingia vizuri, Kibera ilikuwa inawaka. Tulizima taa. Tukasikia vijana wakipita vichochoroni wakiulizana nani anaishi wapi. Kisha nikasikia hodi.

Ilikuwa sauti ya Fundi, ya chini, mdomo umekaribia mbao za mlango. "Hodi, jirani." Mke wangu akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni. "Hodi." Mtoto wake mdogo alikuwa akilia kwa kujizuia. Hodi ya tatu ilikuja polepole kuliko zote, halafu nyayo zikaondoka. Tumefunzwa tangu utoto kwamba ukipiga hodi tatu usiitikiwe, uende zako. Fundi aliifuata adabu hiyo hata usiku ule.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ningemfungulia tungechomwa sote. Huenda ni kweli. Lakini ninachokijua mimi na Mungu ni kwamba kwenye hodi ya kwanza, kabla woga haujafika, wazo lililonijia lilikuwa hili: ni watu wa kwao waliotuibia kura. Wazo hilo ndilo lililoshika komeo. Woga ulikuja baadaye, nikautumia kuwa kisingizio.

Fundi na wanawe walikimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Jamhuri, ambako watu waliofukuzwa walipiga kambi. Hayo nilikuja kuyajua baadaye sana, maana wakati ule sikuuliza. Katika ghasia zile reli yetu iling'olewa, Soko la Toi likateketea, na chumba cha Fundi kikabaki wazi, mlango umeng'olewa na cherehani imebebwa. Kibaki na Raila, wagombea wakuu wa uchaguzi ule, walipotia sahihi mkataba wao tarehe 28 Februari 2008, mimi nilikuwa nimeshautoboa ule ukuta wa udongo. Mwenye ploti alitaka kodi yake tu. Nikawa na vyumba viwili.

Jumapili moja mwezi Machi nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu amenipanulia mipaka. Watu wakapiga makofi. Ushuhuda ule ndio unaonilazimu kuandika huu.

Mwaka 2013 kazi za mjengo zilikuwa nyingi Kileleshwa na Lavington, nikahamia Kawangware, upande wa Gatina, niweze kwenda kazini kwa miguu. Wiki ya pili, nikitoka stendi ya 46, nikamwona Fundi. Alikuwa kwenye baraza ya duka, ameinamia cherehani ya miguu, kichwa kimeingia mvi. Nikageuka. Tangu siku ile nilipita njia ya mzunguko, kwenye matope, miaka minne, nikimkwepa mwanamke aliyemfunika mwanangu shuka lake la kwanza. Wala sikuacha kusali. Nilisali sana, hasa kuhusu kazi, kodi na afya. Jina lake tu ndilo sikulitaja.

Ikaja 2017. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Kesho yake jioni, siku ya Ijumaa, vurugu zikalipuka Kawangware. Maduka na nyumba zikachomwa. Safari hii kabila lililosakwa mtaani kwetu lilikuwa langu. Tulizima taa. Tukawalaza watoto sakafuni. Nikasikia hodi.

Sikuitikia. Nilikuwa na hakika kwamba huyo ni muuaji anayejifanya mgeni. "Hodi." Nikashika nyundo yangu ya kazi. Ya tatu ilikuja na maneno: "Jirani, ni mimi, Fundi. Fungua, hakuna wakati."

Alikuwa amebeba leso mbili za kuwafunika watoto. Alijua tunapoishi, alikuwa amejua muda wote. Alitupitisha nyuma ya vyoo hadi chumbani kwake, akatuketisha nyuma ya pazia, akaweka kigoda mlangoni akakaa. Vijana walipokuja aliwajibu kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya mama anayekemea wanawe, wakaenda. Hakulala usiku ule. Nasi hatukulala.

Asubuhi alipika chai ya maziwa, akanipa mimi kikombe cha kwanza. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia, "Fundi, usiku ule Kibera, hodi yako niliisikia."

"Najua," akasema. "Ukuta ulikuwa wa udongo. Niliwasikia mkipumua."

Nikamuuliza mbona basi amekuja. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba kwa miaka mitatu hakuweza kuimaliza sala ya Baba Yetu. Alikuwa akifika mahali pa kusamehe, anaruka. Aliponiona Kawangware mara ya kwanza alitamani niteseke. "Lakini mimi najua vile mlango usiofunguliwa unauma," akasema. "Sikutaka watoto wako waujue. Kunywa, chai inapoa."

Nililia mbele ya watoto wangu. Sikuwa nimetubu ndipo nikasamehewa. Nilisamehewa kwanza, toba ikanikuta nimeshika kikombe. Nilikuwa nimeimba habari za neema tangu utoto, nikidhani moyoni kwamba ni malipo ya watu wema kama mimi. Na yule Bwana tunayemhubiri kwamba husimama mlangoni akibisha, sikuwahi kujiuliza hubisha kwa lafudhi ya nani.

Habari ya kile chumba nilimweleza wiki hiyohiyo. Ilikuwa ngumu kuliko habari ya hodi, kwa sababu mtu anaweza kuuelewa woga, ila tamaa haina utetezi. Safari hii alikasirika. Siku tisa hakunisemesha. Ya kumi akaniita. Nilitaka kumlipa, pesa akazikataa. Akasema nimtengenezee meza ya kukatia vitambaa na mabenchi mawili, kwa ajili ya wasichana anaowafunza kushona. Nilivitengeneza kwa mbao nilizonunua kwa jasho langu. Kisha nikarudi Kibera, kanisa lilelile, nikasimama mahali palepale nikaufuta ushuhuda wa 2008. Hakuna aliyepiga makofi. Tulipotoka nje, mzee mmoja alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye ana mlango wake.

Sijafika. Mwaka 2020, corona iliposimamisha mjengo, kijana wa ploti yetu alibisha akiomba unga. Nilimjibu dirishani kwamba hatuna. Ulikuwepo, nusu pakiti. Sikupata usingizi, alfajiri nikampelekea, nikakuta ameshahama. Sikumwona tena. Namtaja ili ujue kwamba moyo uliofunguliwa mara moja unaweza kujifunga tena, na kila mara inabidi nimwombe Mungu upya.

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, mimi na Fundi tulizunguka ploti za jirani, nyumba kwa nyumba, bila kuuliza kabila. Tulikuwa na neno moja tu: mambo yakiharibika, mlango wangu ni ule, wake ni ule. Usibishe mara tatu. Moja inatosha.

Ndugu yangu unayesoma, huenda nawe kuna jina usilolitaja ukisali, na kuna njia unayoizunguka ili usikutane na mtu. Sikulaumu, miaka yangu ya kuzunguka unaijua sasa. Nakusihi tu, leo usiku ukipiga magoti, uanze na jina hilo, hata kama huna la kuongeza. Mimi singekuwa na nguvu ya kuanza, nilianzwa.

Siku hizi naenda kazini kwa njia fupi. Inapita mbele ya cherehani yake.