Nilipojaribu kuruka mita 8.06

Nimepotea kidogo kwa sababu nilikuwa Marekani kikazi, mjini Huntsville, Alabama, nikihangaika na hifadhidata ya mteja. Jumamosi moja mwenzangu wa kazini akanipeleka Oakville, mwendo wa kama saa moja kwa gari, tukaone makumbusho ya Jesse Owens.

Oakville ni mashambani kabisa. Owens alizaliwa huko tarehe 12 Septemba 1913. Wazazi wake walilima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Pamejengwa nyumba ya mfano wa ile waliyoishi, na ukiingia unashangaa watoto kumi walilala wapi.

Kama mtu wa programu, nilichekeshwa na jina lake. Aliitwa James Cleveland, kwa kifupi J.C. Walipohamia jiji la Cleveland akiwa na miaka tisa, mwalimu alimwuliza jina. Akajibu "J.C." kwa lafudhi ya kusini, mwalimu akasikia "Jesse", akaandika hivyo. Kosa la kuingiza data, na dunia nzima ikalichukua!

Takwimu zake nilizijua. Tarehe 25 Mei 1935, mjini Ann Arbor, alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia nyingine, yote katika dakika 45. Siku hiyo aliruka mara moja tu, mita 8.13, na rekodi hiyo ikadumu miaka 25. Mwaka 1936 akashinda dhahabu nne Berlin, Hitler akiwa madarakani. Nisilolijua ni kwamba baadaye ilimbidi ashindane mbio na farasi ili apate riziki.

Nje kuna mahali pa kuruka, penye mchanga, ambapo mgeni anaweza kujipima na ruko lake la Berlin, mita 8.06. Nikavua koti, nikakimbia, nikaruka. Tulipopima kwa hatua, hata mita nne sikufika! Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nikabaki mchangani nikitazama umbali uliobaki. Kwenye kompyuta 8.06 ni tarakimu tatu na nukta. Pale ni mwili wa mtu angani.

Ndipo nikamkumbuka baba. Ujanani alikimbia mita 1500, na muda wake uliandikwa kwenye daftari la kocha, ambalo lilipotea zamani. Nikampigia. Nyumbani ilikuwa saa nne usiku.

"Baba, ile mbio uliyoshinda, ulitumia muda gani?"

Akanyamaza kidogo. "Dakika tatu na sekunde hamsini na mbili. Kwa nini unauliza leo?"

"Nataka kuandika."

"Basi andika pia kwamba nilikimbia pekupeku."

Ninalipwa kutunza data za watu nisiowajua, na ya baba yangu ilikuwa kichwani mwake tu. Usiku huo hotelini nikafungua faili jipya. Lina mstari mmoja, na safu ya maelezo ina neno moja: pekupeku.

Na wewe, mzee wako umemwuliza?