Hatua Tano za Kwanza

Wapendwa vijana, wengi wenu mnabaki na wadogo zenu wazazi wanapokwenda shambani au sokoni. Kwa sababu hiyo tunawasimulia kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Mtoto wetu wa pili alitimiza miezi 14 bila kutembea. Wa jirani alikuwa ametembea akiwa na miezi 10. Maneno yakaanza uani: huyu ana nini? Nasi tuliosomea ualimu tuliona haya. Kila jioni tulimshika mikono yote miwili, tukamvuta kuuzunguka uwanja, naye akilia. Ikafika siku ambayo, akituona tu tunanyoosha mikono, aliketi chini.

Tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi, mama mtu mzima, hakumshika. Alimweka karibu na benchi, akatia kikombe kwenye ncha ya pili, akanyamaza. Mtoto alijiinua, akaambaa na benchi hatua kwa hatua. Kikombe kikaanguka. Akachuchumaa, akakiokota, akasimama tena.

"Miguu yote miwili ina nguvu sawa," alisema yule mama. "Huyu yuko njiani. Msimvute."

Alipokuwa na miezi 16, alitoka mlangoni peke yake.

Baadaye tulisoma yale ambayo yule mama aliyajua kwa macho. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na karibu 18. Wapatao 4 katika 100 hawakupitia kabisa kutambaa kwa mikono na magoti. Kipimo cha kutembea kilikuwa chepesi: hatua 5 au zaidi, mgongo wima, bila kushikwa wala kushika kitu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwahesabu watoto wadogo wakicheza kwa hiari yao: kwa wastani, zaidi ya hatua 2,000 kwa saa moja, na kuanguka mara 17.

Kuanguka huko na kuinuka ndiko tulikokuwa tukimnyima mtoto wetu. Mikono yetu ilimsimamisha, lakini haikumfundisha kusimama.

Basi, vijana, mpeni mdogo wenu sakafu safi, miguu mitupu na kitu cha kukifuata, kisha mtazameni. Msimpime kwa mtoto wa jirani, bali kwa alivyokuwa mwezi uliopita. Lakini akipita miezi 18 bila kutembea, akiburuta mguu mmoja, au akipoteza alichokwisha kukiweza, waambieni wazazi wampeleke kituo cha afya bila kukawia. Pale nyumbani asitafutwe wa kulaumiwa, wala mtoto asifichwe ndani. Sisi tulikaribia kumficha wetu, kwa ajili ya miezi 2 tu.