Wasichana Walioulizwa kwa Majina

Miaka ya tisini, shule nyingi za msingi magharibi mwa Kenya zilijua namna ya kumpokea mgeni wa mradi wa wasichana. Habari zilitangulia vijijini. Waliobaki nyumbani kulea wadogo zao au kuuza ndizi sokoni waliitwa, rejista ikawekwa sawa, nyimbo zikaimbwa, mgeni akahesabu vichwa na kuondoka na picha zake. Mwalimu mmoja wa huko, ambaye sasa amestaafu, anaikumbuka vizuri kazi hiyo kwa sababu yeye ndiye aliyeshika rejista ya darasa la sita. Jumatatu iliyofuata madawati ya nyuma yalikuwa wazi tena, na ripoti ilikwisha kwenda.

Kisha wakaja watu wasiotoa taarifa. Mwaka 1998 mradi wa dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za Busia. Shule ziligawanywa makundi, nyingine zipate dawa mapema na nyingine baadaye, na watafiti wakawa wanatokea asubuhi yoyote kuangalia nani amekaa darasani. Walimu wengine waliwaona kama wakaguzi waliojificha. Lakini hesabu ile ya kushtukiza ndiyo iliyoonyesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo. Wanafunzi hao walipotafutwa tena miaka kumi baadaye, ilibainika kuwa wasichana waliopata dawa mapema walikuwa wamefika sekondari kwa wingi kuliko wenzao, tena kwa tofauti ya kama robo. Mradi wenyewe haukuwa na neno “msichana” katika jina lake.

Habari za ufadhili wa 2001 mwalimu huyo huzisimulia kwa uchungu. Wasichana wa darasa la sita wa Busia na Teso ambao wangeingia katika asilimia 15 ya juu kwenye mtihani waliahidiwa karo, fedha kidogo kwa familia, na pongezi hadharani mbele ya wazazi. Mwezi Juni radi ikapiga shule moja ya Teso, wanafunzi 7 wakafa. Watu wakaanza kunong'ona juu ya shirika lililotoa ufadhili huo na fedha zake, na shule kadhaa zikajitoa. Upande wa Busia, jirani tu, alama zilipanda hata kwa wasichana ambao hawakuwa na tumaini la kushinda, na walimu nao wakawa wanafika kazini zaidi. Anayesoma wastani wa wilaya zote mbili bila kujua habari ya radi hataelewa kilichotokea.

Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Sare ikabaki juu ya mzazi. Mwalimu anakumbuka gauni moja lililovaliwa na dada wawili kwa zamu, kola yake imegeuzwa na kushonwa upya, pindo limeshushwa hadi mstari wa rangi ya zamani ukaonekana. Mwaka huo utafiti mkubwa ulianza katika shule 328. Kwa kura, baadhi ya shule zilipata sare za bure kwa darasa la sita, kila moja ikigharimu kama dola 6. Katika nyingine walimu walifunzwa mtaala wa serikali wa UKIMWI, nyingine zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu.

Ndipo ilipokuja ile orodha. Mtafiti alisimama mbele ya darasa la nane akasoma kwa sauti majina ya wote waliokuwa darasa la sita mradi ulipoanza. Bado anasoma? Anaishi hapa? Ana mtoto? Mwanzoni darasa zima lilijibu kwa pamoja. Kwa majina fulani sauti zikapungua. Mmoja akasema huyo alikwenda Nairobi kufanya kazi za nyumbani. Mwingine akabisha, hapana, yuko Malaba kwa mume wake. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya mlango. Wote hao aliwafundisha, na hakuna mgeni aliyewahi kuwaulizia kwa majina.

Baada ya miaka mitatu, katika shule zisizopata kitu wasichana 19 kati ya 100 walikuwa wameacha masomo. Penye sare walikuwa 16. Waliopata mimba nao walishuka kutoka 16 hadi 13. Mafunzo ya walimu peke yake, pamoja na semina zake zote, hayakupunguza mimba. Miaka saba baada ya kuanza, vipimo vya damu vilileta jambo jingine ambalo hakuna aliyelitarajia: sare peke yake hazikupunguza maambukizi ya herpesi ya sehemu za siri, lakini pale sare na mafunzo vilipokwenda pamoja, yalipungua.

Mtafiti Pascaline Dupas alijaribu jambo dogo zaidi mwaka 2004 katika baadhi ya shule hizo: kipindi cha dakika 40, video fupi, na takwimu zinazoonyesha kwamba wanaume wenye umri mkubwa wana virusi vya UKIMWI kwa wingi kuliko wavulana wa rika la wasichana. Mimba za wasichana zilipungua kwa asilimia 28. Mtaala rasmi ulikuwa ukiwaambia wasubiri ndoa tu. Kuhusu wazee wenye fedha, ambao leo huitwa masponsa, haukuwaambia la maana.

Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa, serikali ikabeba wajibu wa kutoa sodo za bure shuleni. Jaribio lililofanyika Siaya, matokeo yakachapishwa 2016, halikuonyesha kwamba sodo au vikombe vya hedhi viliwazuia wasichana kuacha shule, ingawa magonjwa ya zinaa yalipungua. Mwalimu hataki matokeo hayo yatumiwe kuwanyima wasichana sodo, na ana haki. Msichana anayejisitiri kwa kipande cha godoro anastahili sodo hata kama takwimu za utoro hazitasogea. Kisichofaa ni kuwaahidi wazazi kwamba pakiti hiyo itamfikisha kidato cha nne, wakati kinachomtoa shuleni ni karo, mimba na kazi za nyumbani.

Michael Kremer, aliyeongoza nyingi ya tafiti hizo na ambaye ujanani alifundisha sekondari huko huko magharibi mwa Kenya, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Hata hivyo, fomu nyingi zinazofika shuleni bado zinataka idadi ya “waliofikiwa” tu. Wafadhili na wizara wanaozindua miradi ya wasichana watenge fedha za kurudi. Wachukue majina siku ya kwanza, wawaache walimu waseme ukweli bila hofu ya kunyimwa msaada, na baada ya miaka mitatu, mitano, wakawatafute wote, waliomaliza na walioacha.