Diski mbili za SSD na joto la Mombasa

Wiki hii nimekuwa nikiunda tarakilishi mpya ya kazi hapa Mombasa, na kwa kuwa wengi wenu huniuliza kuhusu SSD, leo nazungumzia hizo tu na namna ya kuzipoza.

Nimeweka mbili, zote NVMe za PCIe 4.0. Moja ina Linux na programu zangu, ya pili ina hifadhidata za wateja. Kila moja ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Waya hakuna: unaichomeka kimshazari kwenye tundu la M.2, unailaza, unafunga skrubu moja ndogo. Soma kwanza kijitabu cha ubao mama, maana kwenye baadhi ya bodi ukitumia tundu fulani la M.2, soketi za SATA huzimika.

Sasa joto. Diski hizi husoma takriban megabaiti 7,000 kwa sekunde. Za SATA huishia kama 550. Kinachochemka zaidi ni chipu inayoongoza diski, kuliko zile zinazohifadhi data. Joto likizidi, diski hujipunguzia mwendo ili isiungue. Hapo kazi ya dakika tano inakuwa ya kumi na tano, na mteja anasubiri.

Nilinakili gigabaiti 300 chumba kikiwa nyuzi 32. Bila bamba la kupozea, diski iliyo chini ya kadi ya michoro ilifika nyuzi 80, kasi ikaporomoka. Nikafunga bamba la alumini lililokuja na ubao mama: 68. Nikaongeza feni mbele ya kasha: 61. Usisahau kubandua plastiki iliyo juu ya kile kipande laini cha kupitisha joto, la sivyo bamba ni pambo tu.

Bamba halitengenezi baridi, linahamishia joto hewani. Kwa hivyo ukisoma majaribio yaliyofanywa kwenye chumba cha nyuzi 22, sisi wa Pwani tujumlishe kama kumi. Ndiyo maana sikununua PCIe 5.0. Kuna zinazokaribia megabaiti 14,000, lakini huchemka zaidi na kasi hiyo siihitaji. Pesa iliyobaki nimenunua feni na diski ya nje ya kuwekea nakala za data.

Kwenye Linux, smartctl itakuonyesha nyuzi za diski yako. Pima ikiwa kazini, saa nane mchana, kabla hujatumia hata shilingi.

Haya, tuonane wiki ijayo.