Safari ya Mbung'o: Kutoka Tanga Hadi Msitu wa Jozani

Mtu atokaye Mombasa kwenda kusini huvuka maji ya Likoni, akapita katikati ya minazi na mikorosho ya nchi ya Kwale, na vilima vya Shimba vikawa upande wake wa kulia, hata afike Lungalunga penye mpaka. Akiisha kuvuka huingia Horohoro katika nchi ya Tanzania, na baada ya mwendo usio mrefu huuona mji wa Tanga. Njia hii hupendeza macho ya kila msafiri. Lakini mfugaji akipita huko hutambua jambo ambalo wengine hawalioni, kwamba mahali pengi majani ni mengi kuliko ng'ombe. Sababu moja kubwa ya jambo hilo ni nzi.

Nzi huyo ni mbung'o, ambaye watu wengine humwita ndorobo. Yeye hula damu tu, dume na jike pia, na katika kunywa damu huhamisha vijidudu viitwavyo tripanosoma kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Ng'ombe akiisha kuambukizwa ugonjwa wa nagana hushikwa na homa ya kupanda na kushuka, damu yake hupungua, na nywele zake hupoteza mng'ao. Hukonda ijapokuwa malisho yapo tele. Maziwa hukatika, mimba huharibika, na asipotibiwa mara nyingi hufa. Mkulima wa Kwale anayetamani ng'ombe wa maziwa wa kizungu anajua vema kwamba wanyama hao huathirika upesi kuliko wale wa kienyeji. Kwa hiyo ugonjwa huu humzuia mtu asipate maziwa kwa watoto wake, wala maksai wa kulima shamba lake, wala samadi.

Tumechagua kuwaeleza wasomaji safari ya Tanga na Unguja kwa sababu katika miaka ya 1990 kulifanyika huko kazi ambayo kila mfugaji wa pwani yafaa aijue. Katika kisiwa cha Unguja mbung'o waliondolewa wote, na chombo kilichomaliza kazi hiyo kilikuwa mionzi ya atomu.

Tanga ni mji wa bandari na reli, na kwa muda mrefu umejulikana kwa mashamba yake ya katani. Humo mjini kuna kituo cha uchunguzi wa mbung'o na nagana, ambacho siku hizi kimo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Katika miaka ya kazi ile ya Unguja, mtu angeweza kustaajabu kusikia shughuli ya kituo hiki, maana watu waliotaka kumwangamiza mbung'o walikuwa wakimfuga! Majike mamia ya maelfu walitunzwa katika vizimba vidogo vya wavu, ndani ya vyumba ambavyo joto lake na unyevu wake havikuachwa vibadilike. Chakula chao kilikuwa damu ya ng'ombe iliyopashwa moto kidogo, nayo ilifunikwa kwa utando mwembamba mfano wa ngozi. Mbung'o aliutoboa utando huo kwa mdomo wake, akanywa kana kwamba yuko mgongoni mwa ng'ombe.

Kazi hiyo ilitaka subira, kwa kuwa mbung'o hazai kama nzi wa nyumbani. Nzi wa nyumbani hutaga mayai mamia. Mbung'o jike hubeba mtoto mmoja tu tumboni, akamlisha humo kwa namna ya maziwa, na kila baada ya siku tisa au kumi hivi humzaa funza mmoja aliyekwisha kukua. Funza huyo hujichimbia mara moja katika udongo, akawa bundo lenye ganda gumu, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa nzi kamili. Jike mmoja katika maisha yake yote huzaa watoto wachache tu. Tena kwa kawaida hukutana na dume mara moja, akaweka mbegu za dume huyo mwilini mwake mpaka mwisho wa maisha yake.

Hapo ndipo wataalamu walipoona mlango. Jike akikutana na dume asiye na mbegu nzima, hatazaa kamwe. Basi madume waliofugwa Tanga walitiwa katika mashine yenye mionzi ya gama kwa muda uliopimwa. Mionzi hiyo iliharibu mbegu zao, lakini mwili ukabaki na nguvu za kuruka na za kutafuta jike. Mfugaji asimfananishe dume huyo na maksai. Maksai akiisha kuhasiwa hapigani kwa ajili ya majike, na mwenye kutaka ndama hapotezi wakati naye. Dume huyu wa mbung'o hushindana na wenzake wa porini kama fahali, naye akimpata jike, jike hurudi na tumbo tupu.

Wako watu wanaoogopa wakisikia neno mionzi, na kuogopa huko si upumbavu. Mionzi ya gama haionekani, haina harufu wala haichomi ngozi papo hapo, na mtu akiipata kwa wingi huweza kuugua vibaya au kufa. Kwa sababu hiyo kitu chenye mionzi hufungiwa ndani ya ukuta mnene wa risasi au chuma, na nzi ndio wanaopelekwa humo ndani kwa chombo. Wafanya kazi hufundishwa kanuni tatu: kukaa karibu kwa muda mfupi, kusimama mbali kadiri iwezekanavyo, na kuweka kizuizi kinene kati ya mtu na mionzi. Hupewa pia kipimo kidogo cha kuvaa kifuani, nacho hukaguliwa kwa vipindi ili ijulikane kila mmoja amepata mionzi kiasi gani. Kanuni hizo ndizo zinazomlinda mpiga picha wa eksirei hospitalini. Mgonjwa hupigwa picha moja ya kifua ili daktari autazame moyo wake na mapafu yake, lakini mpiga picha huifanya kazi hiyo kila siku, na ndiyo sababu husimama nyuma ya ukuta. Katika Tanzania mambo hayo yote husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu.

Wengine huuliza, je, nzi aliyepigwa mionzi hawezi kuleta mionzi hiyo kwa ng'ombe na maziwa? Hawezi. Ukimulika jiwe kwa taa halafu ukaizima taa, jiwe halibaki likitoa mwanga. Ndivyo ilivyo kwa nzi huyo. Mionzi ya gama humpitia na kumharibu mbegu, wala haikai ndani yake. Hatari iliyokuwapo kweli ilikuwa nyingine: dume huyo naye hunywa damu, kwa hiyo angeweza kueneza nagana. Wataalamu waliizuia hatari hiyo kwa kumlisha, kabla ya kumwachilia, damu iliyotiwa dawa ya kuua tripanosoma.

Fikira ya kupigana na nzi kwa kuharibu uzazi wake ina historia katika nchi zetu. Katika miaka ya 1940, Bwana F. L. Vanderplank alifanya majaribio karibu na Shinyanga, Tanganyika. Alipeleka mbung'o wa aina moja katika pori la mbung'o wa aina nyingine, na aina hizo mbili zilipokutana, uzazi wao uliharibika. Huko Marekani Bwana E. F. Knipling na wenzake walitumia mionzi juu ya nzi ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai, na mwaka 1954 nzi hao waliondolewa katika kisiwa cha Curaçao.

Katika miaka ya 1970 kazi ya mionzi ilijaribiwa kwa mbung'o wa Tanga. Msafiri akienda kusini ya Tanga kwa njia ya pwani, akauvuka mto Pangani, hufika nchi ya Mkwaja. Siku hizo palikuwa na shamba kubwa la ng'ombe mahali hapo, na sasa sehemu yake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Miti ilikatwa kuzunguka eneo la majaribio ili pawe na ukanda mweupe wa kuwazuia mbung'o wa nje, ndipo madume waliopigwa mionzi wakaachiliwa. Mbung'o wa mahali hapo walipungua sana. Lakini mbung'o hajui mpaka uliochorwa na binadamu. Kazi ilipokoma, wa porini waliuvuka ukanda ule wakairudia nchi yao. Mkwaja ilifundisha kwamba kumfukuza mbung'o ni kazi moja, na kumzuia asirudi ni kazi ya pili.

Ni nani basi awezaye kuweka mpaka asiouvuka mbung'o? Bahari yaweza. Kisiwa cha Unguja kimetengwa na bara kwa maji mapana, na humo palikuwa na mbung'o wa aina moja tu, aitwaye kwa jina la kitaalamu Glossina austeni, apendaye vichaka vizito na misitu yenye kivuli. Msafiri akitoka Mji Mkongwe kwenda kusini na mashariki, huona mashamba yakipungua na ardhi ya mawe ya matumbawe ikianza, kisha hufika msitu wa Jozani, nyumbani mwa kima punju, ambaye hapatikani popote ila Zanzibar. Kivuli hicho kinachowafurahisha wageni ndicho kilichokuwa ngome ya mbung'o.

Vita vilianza bila mionzi. Kuanzia mwaka 1988 ng'ombe walimwagiwa dawa ya kuua wadudu mgongoni, na vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa vilitundikwa mahali wanapopita mbung'o, kwa kuwa rangi hiyo huwavuta. Mbung'o wakapungua sana, lakini ndani ya msitu wakasalia. Ndipo mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu na wataalamu wa Tanzania, madume wa Tanga walianza kusafirishwa. Walipakiwa katika maboksi ya karatasi, wakapandishwa ndege, wakadondoshwa juu ya kisiwa kwa mistari iliyopangwa, juma baada ya juma. Hata kazi ilipokwisha walikuwa wameachiliwa zaidi ya milioni 8.

Chini, watu walikuwa wakihesabu. Mitego yenye gundi iliwekwa msituni na vijijini, na kila mbung'o aliyenaswa alichunguzwa kama ni wa Tanga au wa porini, na kama ni jike alipasuliwa ili ijulikane kama ana mimba. Ng'ombe wa vijiji mbalimbali walitolewa damu na kupimwa. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa mwezi wa Septemba 1996. Mtu mwenye haraka angesema hapo, kazi imekwisha, fedha zihifadhiwe. Hawakufanya hivyo. Ndege ziliendelea kudondosha madume mpaka Desemba 1997, zaidi ya mwaka mmoja, juu ya msitu ambao hapakuonekana tena mbung'o hata mmoja wa kwao. Mwaka huo kisiwa kilitangazwa kuwa safi.

Faida yake iliingia zizini. Wafugaji wa Unguja waliweza kufuga ng'ombe wa maziwa walio bora bila kuhofia nagana, na maziwa ya kisiwani yakaongezeka. Dawa za sindano ambazo zamani zililiwa na ugonjwa huo hazikuhitajiwa tena kwa ajili yake.

Sasa mfugaji wa Kwale atauliza, mbona ndege hizo hazikuletwa kwetu? Jibu liko Mkwaja. Sisi wa bara hatuna bahari ya kutuzunguka, na vilima vya Shimba vina mbung'o wa aina zaidi ya moja. Nzi akiondolewa katika kijiji kimoja, mwenzake atatoka kijiji cha pili. Katika nchi ya Senegal kazi ya namna hii ilifanywa katika bara katika miaka ya 2010, lakini eneo lililochaguliwa, liitwalo Niayes, lilikuwa limejitenga na mbung'o wengine. Mionzi hutafuta mahali penye ukuta, na ambapo Mungu hakuweka ukuta wa maji, ukuta lazima uwe wa watu.

Ukuta wa namna hiyo hujengwa na majirani wakipatana. Mfugaji mmoja akimwagia ng'ombe wake dawa, na jirani zake kumi wasifanye hivyo, ametupa fedha zake kichakani. Lakini kijiji kizima kikimwaga dawa kwa wakati mmoja, kikatundika vitambaa vya buluu, na kisiibe vitambaa hivyo kwa kushona nguo, mbung'o hukosa pa kunywa. Mnyama anayeonekana mgonjwa apimwe damu na mganga wa mifugo kabla ya kudungwa sindano, na apewe dawa kwa kipimo kamili. Dawa ya nusu huviacha vijidudu vilivyo hodari, navyo huzaa vingine visivyosikia dawa hiyo.

Watu wa Unguja walianza na vitambaa na dawa ya mgongoni miaka sita kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Kama wasingaliwapunguza mbung'o kwanza kwa mikono yao, madume wote wa Tanga wasingalitosha. Bandu bandu huisha gogo, na shoka lile la kwanza kila kijiji cha pwani yetu kinalo.